Mafunzo Niliyopata Nikihesabu Uhai wa Mashujaa

Mimi ndiye msimulizi wa kikundi chetu cha Dungeons & Dragons hapa Nakuru. Wenzangu huigiza mashujaa. Mimi hubeba dunia iliyobaki, kuanzia mazimwi hadi mvua. Kila shujaa ana pointi za uhai kwenye karatasi yake. Akipigwa zinapungua, zikiisha anaanguka. Kila mgeni anayeketi nasi huuliza pointi hizo ni kitu gani hasa.

1. Si nyama wala damu tu

Mchezo huu wa Gary Gygax na Dave Arneson ulitoka mwaka 1974. Arneson alieleza kwamba hesabu hiyo aliitoa kwenye michezo ya vita vya manowari, kwa kuwa wachezaji wake hawakupenda shujaa afe kwa pigo moja. Meli hupigwa mizinga kadhaa kabla ya kuzama. Mtu je? Gygax alilijibu hilo katika vitabu vyake vya mwishoni mwa miaka ya 1970: ni upuuzi kudhani mpiganaji mkongwe ana mwili wa kuhimili mapigo yanayoua farasi wanne wa vita. Sehemu kubwa ya pointi zake ni ustadi, bahati na ulinzi wa miungu.

2. Ulingoni jambo hili huonekana wazi

Nakuru ni mji wa ndondi. Philip Waruinge, mmoja wa mabondia walioupa mji huu sifa, alirudi na shaba kutoka Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na pamoja nayo Kombe la Val Barker, linalotolewa kwa bondia mwenye ustadi kuliko wote. Mwaka 1972 kule Munich alipata fedha. Tazama pambano lolote zuri: raundi ya kwanza ngumi zinaishia mikononi na mabegani. Kisha miguu inakuwa mizito, pumzi inakatika, mikono inashuka. Ngumi inayomwangusha mtu mara nyingi ni ile ambayo mwanzoni angeikwepa bila shida.

Hivyo ndivyo ninavyosimulia. Fisi akimpunguzia shujaa pointi 8 kati ya 40, sisemi amenyofolewa paja. Nasema ameruka kando, goti limegonga jiwe la volkano, na sasa anahema. Damu naiweka akiba hadi pointi zishuke chini ya nusu.

Kuna tofauti moja: bondia aliyechoka hupiga kidhaifu, ilhali shujaa aliyebaki na pointi 1 hupiga kama mwenye 60. Naikubali kanuni hiyo. Anayeshindwa akiongezewa udhaifu, pambano huwa limeamuliwa mapema na meza nzima inapoa.

3. Ukingo wa Menengai hauna dadu

Kwa kanuni, kila mita 3 za kuanguka ni dadu moja ya pande sita, mwisho dadu 20. Wastani wa dadu hizo 20 ni pointi 70. Maana yake, mwenye pointi 90 anaweza kuporomoka mamia ya mita hadi sakafu ya Menengai, kreta iliyo juu ya mji wetu, akajipangusa vumbi na kuendelea na safari. Hapo maelezo ya bahati na ustadi yananishinda. Simulizi za Wamaasai zinakumbuka vita vya karne ya 19, ambapo wapiganaji wa Ilaikipiak, kundi mojawapo la Wamaasai, walisukumwa kutoka ukingo huo wakafa. Mimi naishi chini yake. Kwenye meza yangu anayeteleza hupewa nafasi ya kushika mzizi au mkono wa mwenzake. Akikosa vyote viwili, amekufa.

4. Sifuri ndiyo jeraha lenyewe

Tangu toleo la 2014, anayefika sifuri huzimia, kisha kila zamu yake hurusha dadu ya pande 20: 10 au zaidi ni heri. Heri tatu zinamtuliza, mikosi mitatu inamuua. Hapa ndipo ninapotaja mfupa uliovunjika na mkuki uliozama ubavuni.

5. Usingizi hautibu mfupa

Katika vitabu vya zamani, siku nzima ya kupumzika ilirudisha pointi 1. Katika toleo la 2014, saa nane za mapumziko hurudisha zote. Wengi hulalamika. Binafsi naona ni sawa, maana pumzi na ujasiri hurudi asubuhi. Ila aliyefika sifuri hubaki na jeraha lake kwenye karatasi, hata pointi zikijaa, mpaka mashujaa wafike mji wa Njoro na kumpata mganga.