Uambishaji Ndani ya Jenomu: Virusi vya Bakteria na Mfano wa Kipindupindu

1.0 Utangulizi
Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba dhana ya uambishaji, inayofunzwa katika mofolojia ya Kiswahili, inaweza kufafanua jinsi virusi vya bakteria vinavyojipachika katika jenomu ya mwenyeji wao. Ufafanuzi huo una manufaa kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako wengi hutegemea visima na mitungi ya wachuuzi mabomba yanapokauka, na ambako kipindupindu si neno geni.

2.0 Kiambishi Kisicho na Nafasi Maalumu
Jenomu ni mithili ya matini ndefu iliyoandikwa kwa herufi nne za kikemia. Katika kitenzi anakupenda, kiambishi -ku- hukaa mbele ya mzizi -pend-. Kikitupwa ndani ya mzizi, hutokea *anapekunda, umbo lisilo na maana. Hivyo ndivyo kifanyavyo kirusi Mu, kilichoelezwa na A. L. Taylor mwaka 1963, ndani ya bakteria Escherichia coli. Kimeng'enya chake, MuA, huzikutanisha ncha mbili za DNA ya kirusi, huzikata, kisha huziunga na DNA ya mwenyeji karibu mahali popote. Kwa kuwa nyuzi mbili za mwenyeji hazikatwi mkabala, pengo likizibwa herufi 5 hurudiwa kila upande wa mgeni. Jeni iliyopachikwa katikati huharibika. Aidha, Mu kinapozaliana hakiondoki kilipo. Nakala zake hupachikwa kwingine, zikafikia kiasi cha 100. Jina lake ni ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya kigeuzi. Kwa sadfa, mu katika Kiswahili ni kiambishi cha mahali pa ndani.

3.0 Kiambishi Kinachozalisha Neno Jipya
Si kila upachikaji huharibu. Kutokana na pika hupatikana pikia, neno lenye uwezo mpya. Mwaka 1996, Waldor na Mekalanos walibainisha kwamba jeni za sumu ya kipindupindu hubebwa na kirusi kiitwacho CTX. Tofauti na Mu, kirusi hiki kina nafasi maalumu katika kromosomu, nacho hutumia vimeng'enya vya mwenyeji mwenyewe, XerC na XerD, kujipachika. Vibrio cholerae wengi waishio katika maji ya pwani na milango ya mito hawana jeni hizo. Anayezipata huweza kutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji na chumvi kwa wingi. Bakteria wenye jeni hizo ndio walioleta wimbi la saba la kipindupindu, lililofika Kenya mwaka 1971.

4.0 Hitimisho
Ni dhahiri kwamba kitenzi ambukiza hueleza ugonjwa unavyoenea baina ya watu, lakini hakielezi bakteria alivyoipata sumu. Kitenzi pachika kinalieleza hilo bila kukopa. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayefasiri tangazo la afya kwa wakazi wa Kisauni hana budi kutofautisha mambo hayo mawili. Jeni iliyopachikwa haibadilishi rangi wala ladha ya maji. Kwa hiyo, maji ya kisima yaliyo maangavu bado yanahitaji kuchemshwa au kutiwa klorini.