SOMO: KAZI YA KUTUNZA PAKA



Tukiwauliza kazi munayotaka kiisha masomo, wengi munajibu: munganga, mwalimu, dereva. Mwenye kusema "Mimi nataka kazi ya paka" watu watamucheka. Basi tuone kama ile ni kazi ya kweli ao hapana.

1. Mfano wa Roma

Katika historia tunasoma kwamba Julius Caesar aliuawa kule Roma mwaka wa 44 mbele ya Kristo. Pahali pale panaitwa leo Largo di Torre Argentina. Mabomoko yake yalichimbuliwa mpaka mwaka wa 1929, na paka wasio na bwana wakaingia kukaa humo. Tangu miaka ya 1990 kuko kundi la watu wa kujitolea wanaowatunza. Feza ya chakula na dawa inatoka sana kwa zawadi za watu.

Wanafanya nini? Wanaosha vyumba na sahani, wanatoa chakula, wanawapa wagonjwa dawa. Wanapeleka paka kwa munganga wa nyama apasuliwe, asizae tena. Kiisha wanamutafutia mtu wa kumupokea nyumbani. Juu ya nini asizae? Paka anachukua mimba miezi miwili tu, na anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Bila kuzuia, chakula hakitatosha.

Munaona: kupenda paka haitoshi. Kazi ni ufagio, maji na macho ya kuangalia kila siku, hata siku ya mvua.

2. Na sisi hapa?

Paka analinda mahindi yetu juu ya panya. Anza naye: maji safi kila siku, na kipande cha samaki ao nyama, maana hawezi kuishi na ugali peke yake. Kisha uende kwa munganga wa nyama wa karibu, umuombe kumusaidia siku ya kuchanja. Mwenye kutaka kuendelea, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafundisha uganga wa nyama; basi usichezee biolojia na kemia.

3. Angalia mambo mawili

Kwanza, kichaa cha mbwa. Paka pia anakileta. Akikuuma ao akikukwaruza, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, na siku ile ile uende kituo cha afya. Usingoje: dalili zikionekana, karibu kila mgonjwa anakufa.

Pili, ahadi za Ulaya. Kujitolea ni kazi bila mshahara. Uliza nani analipa safari na chakula. Mtu akiomba feza kwanza, usitoe. Onyesha barua kwa mwalimu.

Maulizo

1. Kwa nini watu wa Roma wanazuia paka wasizae?
2. Paka akikuuma, utafanya nini kwanza?
3. Nyumbani kwenu, nani anamupa paka maji? Kama hakuna mtu, kazi yako ya kwanza ni hiyo.