Seva ya mafaili inapoishiwa RAM

Seva ya mafaili inayoendeshwa na Linux huonekana imeishiwa RAM muda mrefu kabla haijaishiwa. Kerneli haiachi kumbukumbu ikae bure: faili lililosomwa kutoka kwenye diski hubakizwa ndani ya RAM ili atakayelihitaji tena alipate papo hapo. Kwa hiyo amri ya free -h ikionyesha jumla ya GB 31, zinazotumika 4, tupu MB 300 tu, na GB 26 kwenye safu ya buff/cache, mashine hiyo ni nzima. Safu ya kutazamwa ni ya mwisho, available, inayokadiria kiasi ambacho programu mpya zinaweza kupewa bila kusukuma kitu kwenye swapu. Hesabu yake inatokana na MemAvailable, iliyoingia katika kerneli 3.14 mwaka 2014.

Uhaba wa kweli una dalili zake. Katika vmstat 1, safu za si na so hazirudi sifuri, yaani kurasa zinapelekwa kwenye swapu na kurudishwa bila kupumzika, na watumiaji wanalalamika kwamba hata kufungua folda kunachukua muda. Mwishowe dmesg huandika "Out of memory: Killed process", likifuatiwa na namba na jina la mchakato uliouawa. Hapa ndipo wengi hupotea. Kerneli huua mchakato wenye alama nyingi, na alama hizo hutokana hasa na ukubwa wake, si na kosa lake. Smbd au hifadhidata iliyokuwa ikifanya kazi yake vizuri inaweza kuuawa kwa ulaji wa mwingine. Juu ya mstari huo kerneli huwa imechapisha hali ya RAM yote wakati wa tukio, na hicho ndicho kipande cha kusoma kwanza. Idadi zake nyingi ni za kurasa, na kwenye mashine za kawaida za x86 ukurasa mmoja ni KB 4: slab_unreclaimable:2100000 ni takriban GB 8 zilizoshikwa na kerneli yenyewe, na hakuna mchakato ambao ukiuawa utazirudisha.

Michakato hukaguliwa kwa ps aux --sort=-rss. Samba hufungua mchakato mmoja wa smbd kwa kila kompyuta iliyounganishwa, na kujumlisha RSS zake hutoa jibu kubwa kupita kiasi, kwa sababu kurasa zinazotumiwa kwa pamoja huhesabiwa kila mara upya. Pss iliyomo katika /proc/PID/smaps_rollup ndiyo ya kuaminiwa. Jumla ya michakato ikiwa ndogo na RAM bado haipo, hufuata tmpfs. Kwa kawaida kila tmpfs huruhusiwa kufika nusu ya RAM, mafaili yake huhesabiwa ndani ya buff/cache, ila hayaondoki RAM isipokuwa yafutwe au yaende kwenye swapu. Huonekana kwa df -h -t tmpfs na kwa mstari wa Shmem wa /proc/meminfo. Faili lililofutwa huku programu ikiwa bado imelishikilia huendelea kula nafasi, na lsof +L1 hulifichua.

Kwenye seva za mafaili, hata hivyo, jibu hupatikana mara nyingi katika slabtop -s c. Kazi ya nakala rudufu ya usiku hupita kwenye kila folda na kugusa kila faili, na kerneli hukumbuka jina na taarifa za kila lililoguswa. Katika ext4, dentry moja ni baiti 192 na inode moja ndani ya RAM ni karibu KB 1. Mafaili milioni 10 yanaweza hivyo kuacha GB 12 hivi za kumbukumbu asubuhi, bila hata mtumiaji mmoja kuingia. Sehemu kubwa huwa chini ya SReclaimable na hurudishwa inapohitajika, lakini polepole, kwa kuwa ukurasa hauachiliwi hadi vyote vilivyomo viwe vimeondoka. Kupandisha vm.vfs_cache_pressure kutoka 100 hadi 200 huifanya kerneli iachie mapema zaidi. SUnreclaim inayopanda siku hadi siku bila kushuka ni jambo jingine kabisa: ni uvujaji ndani ya kerneli au draiva, na tiba yake ni toleo lililorekebishwa.

Kuandika 2 kwenye /proc/sys/vm/drop_caches ni kipimo kizuri cha kujua kama slabu zinaachilika. Kuiweka amri hiyo kwenye cron kila saa ni kuinyang'anya seva kile kinachoifanya iwe ya haraka, na chanzo hubaki palepale.

ZFS inahitaji jicho la peke yake. Akiba yake, ARC, huhesabiwa na free kama kumbukumbu inayotumika, si buff/cache, hivyo seva huonekana imejaa pasipo mchakato wowote wa kulaumiwa. Arc_summary hutoa ukubwa wake, na zfs_arc_max huuwekea mpaka: 8589934592 ni GB 8. Mzigo mzito zaidi ni dedup. Kila bloku ya kipekee huhitaji takriban baiti 320 katika jedwali lake; TB 1 ya bloku za KB 128 ni GB 2.5, na ile ile ya bloku za KB 8 ni GB 40. Kabla ya kuiwasha, zdb -S huigiza matokeo yake kwenye data iliyopo. Ikishawashwa, kuizima hakupunguzi jedwali la data ya zamani. Data hiyo lazima inakiliwe upya mahali ambapo dedup imezimwa, kisha nakala za awali zifutwe pamoja na snapshoti zinazozishikilia.