Kidonge Kwanza, Wadogo Zangu

Wadogo zangu wa Boyoma, swali la leo limetoka Mangobo. Mama mmoja ana binti wa miaka 12 mwenye kifafa. Ameona kwenye simu kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kutuliza kifafa kwa umeme. Je, auze parsele ampeleke mtoto Ulaya?

Mdogo wangu, usiuze kitu. Ulichokiona ni cha kweli, lakini hujafika huko.

Chembe za ubongo hupashana habari kwa umeme mdogo mno. Kifafa hutokea kundi lao linapofyatuka kwa pamoja bila mpangilio. Na umeme wa nje huweza kuamuru neva: aliyewahi kumshika nina, yule samaki wa umeme wa mtoni, anajua mkono unavyoruka wenyewe. Madaktari hutumia nguvu hiyo kwa kipimo kidogo. Kifaa hukaa chini ya ngozi ya kifua, waya wake huzungushiwa neva ya vagasi upande wa kushoto wa shingo, na kwa kawaida hutoa umeme kwa sekunde 30 kila baada ya dakika 5. Mgonjwa wa kwanza alipandikizwa Marekani mwaka 1988, na mwaka 1997 kikaruhusiwa rasmi huko.

Sasa nisikilize vizuri. Kifaa hicho ni cha mtu ambaye dawa mbili zilizochaguliwa vema na kumezwa ipasavyo zimeshindwa kumtuliza. Takribani nusu ya wanaokipata hupungukiwa na kifafa kwa nusu au zaidi. Wanaopona kabisa ni wachache, na wengi huendelea na vidonge. Betri ikiisha, ni upasuaji tena.

Kwa hiyo nakuuliza: binti amemeza dawa kila siku, bila kuruka, kwa miezi? Shirika la Afya Duniani linasema watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Fenobabitali ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Ikimfanya asinzie darasani, mwambie daktari abadilishe kipimo. Usiikatishe ghafla, maana kifafa chaweza kurudi kwa nguvu na kumuua.

Akianguka, mrekodi kwa simu. Video hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Mlaze ubavu, mwondoe karibu na moto na maji, usimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika 5, mkimbize hospitali. Na povu lake haliambukizi mtu! Ale sahani moja na ndugu zake, alale nao, aende shule.

Mnaoishi kando ya mito yenye maji ya kasi, mezeni ivermectini, dawa ya usubi, kila inapogawiwa. Watafiti wa Kongo na wa Chuo Kikuu cha Antwerp wamekuta kifafa kingi katika vijiji vya Tshopo na Bas-Uélé vyenye usubi mwingi, ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo wa mtoni.

Mdogo wangu, kesho asubuhi mpeleke binti kituo cha afya, uombe rufaa kwa daktari anayejua kifafa. Dawa mbili zikishindwa kweli, hapo ndipo tutazungumza habari za kifaa. Parsele yako iache, ni urithi wa mtoto huyo huyo.

Yaya wenu