SOMO: MGONJWA WA MOYO ATEMBEE AU AKAE?

Mtu akirudi kutoka hospitali na habari kwamba moyo wake ni mgonjwa, mara nyingi nyumba nzima hukubaliana jambo moja: asiguse kitu. Hutandikiwa mkeka kivulini, maji huletewa, hata kwenda kumsalimu jirani hukatazwa. Watoto hufanya hivyo kwa upendo. Daktari alisema, "Usifanye kazi nzito," wao wakasikia, "Usifanye kazi." Tofauti ya maneno hayo ndiyo somo letu.

Moyo ni msuli unaosukuma damu, nayo damu hupeleka oksijeni miguuni na mikononi. Miguu iliyozoea kutembea huitumia vizuri oksijeni hiyo. Iliyolala hudai damu nyingi kwa kazi ndogo. Basi mgonjwa aliyekaa miezi mitatu, akienda chooni tu anahema, na watu husema ugonjwa umezidi. Huenda umezidi kweli, lakini huenda pia ni miguu iliyosahau kazi. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wazima wa umri wa miaka 20 hivi walilazwa kitandani majuma matatu ili wachunguzwe. Walipopimwa tena baada ya miaka 30, ilionekana kwamba yale majuma matatu yaliwapunguzia nguvu kuliko miaka yote 30. Je, mgonjwa wa miaka 60 atakuwaje?

Wala jambo hili si geni. Katika karne ya 18 daktari Mwingereza, William Heberden, alimjua mtu mwenye maumivu ya kifua aliyejipangia kupasua mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona.

Hata hivyo tusikimbilie njiani. Magonjwa ya moyo ni mengi. Hapa Tanzania wengi huyapata kwa shinikizo la damu lililokaa miaka bila kutibiwa. Wengine vali zao ziliharibika kwa homa ya utotoni iliyofuata maumivu ya koo. Na kina mama wengine moyo hulegea karibu na kujifungua. Mwenye vali iliyobana sana, mwenye kuhema akiwa amekaa, mwenye homa, mwenye maumivu mapya ya kifua, au ambaye miguu yake inazidi kuvimba, asianze mazoezi, atibiwe kwanza. Anayehudhuria Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, aulize huko huko siku ya kliniki. Wengine wamwulize daktari anayewapa dawa. Na dawa zisiachwe kwa sababu mtu anatembea!

Akiruhusiwa, aanze na dakika 5 asubuhi na 5 jioni, jua likiwa limepoa, tena si mara baada ya kula. Kila juma aongeze dakika chache mpaka afike 30, siku tano kwa juma. Barabara kuu ya Dar es Salaam haifai, malori hayana subira. Ndugu zetu wa milimani Uluguru, ambao mlango hufungukia mteremko, watafute hata hatua 50 za tambarare, waende na kurudi.

Kipimo ni mdomo wake. Anapotembea aweze kuzungumza na mwenzake sentensi nzima. Akishindwa, apunguze mwendo. Akiweza kuimba wimbo mzima bila kuhema, aongeze kidogo. Kuhesabu mapigo ya moyo kunaweza kumdanganya, maana baadhi ya dawa huyapunguza. Mwishoni asisimame ghafla, atembee polepole kwanza, la sivyo damu hubaki miguuni naye akaona kizunguzungu. Kifua kikimuuma, au mapigo yakienda ovyo, aketi mara moja. Yasipotulia kwa dakika chache apelekwe hospitali.

Limebaki suala la ndoo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kubana pumzi wakati wa kuinyanyua hupandisha shinikizo la damu ghafla. Bibi aliyeruhusiwa kufanya kazi nyepesi achukue kidumu cha lita 5, atoe pumzi anapokiinua, apumzike, kisha arudie. Wajukuu wataona haya mbele ya majirani. Mwacheni achote.