Kabla Hujanunua Tiketi ya Hoki Columbus, Tafuta Benchi la Wenyeji

Nina kinyongo na tovuti moja ya kuuza tena tiketi, na bado hakijaniisha. Mjomba alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa, akataka aone hoki ya barafuni kabla hajarudi nyumbani. Tangazo lilisema viti viko mbele kabisa, kwenye kioo chenyewe kinachouzunguka uwanja. Bei ilikuwa ya kuuma, na nilipofika ukurasa wa kulipia ikaongezwa “ada ya huduma” ambayo hakuna aliyeitaja mwanzo. Nikalipa, maana mgeni ni mgeni. Viti vyenyewe vilikuwa pembeni, chini kabisa. Mchezo ulipohamia upande wa pili, sisi tulibaki tukitazama migongo ya watu.

“Unaona, mjomba?”

“Naona kioo, mwanangu. Hicho kisahani wanachokifukuza sijakiona hata mara moja.”

Na mjomba si mgeni wa barafu. Aliwahi kusimama pale hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, akawatazama vijana wa Ice Lions wakifanya mazoezi kwenye uwanja mdogo kupindukia. Timu hiyo ndiyo iliyoifungulia Kenya mlango wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni mwaka 2024. Kwa hiyo tatizo halikuwa ujuzi wake. Tatizo lilikuwa pale tulipouziwa kuketi.

Uwanja wenyewe ni Nationwide Arena, katikati ya mji wa Columbus, jimbo la Ohio, nyumbani kwa Blue Jackets, timu ya hoki ya mji huo. Ulifunguliwa mwaka 2000 na unachukua watu 18,000 na ushee. Mtaa unaouzunguka huitwa Arena District, na leo umejaa migahawa na nyumba za ghorofa, lakini kwa miaka mingi watu wa Columbus hawakuwa na sababu njema ya kuja huku. Hapa ndipo lilipokuwa gereza kuu la Ohio, lililofunguliwa mwaka 1834. Mwandishi O. Henry alifungwa humo. Tarehe 21 Aprili 1930 moto ulizuka gerezani, na wafungwa 322 wakafa, wengi wao wakiwa bado wamefungiwa kwenye seli zao. Kuta zilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1990. Mimi kila ninapompeleka mgeni huko humweleza habari hiyo kwanza, tukiwa bado nje, kwa sababu ukishaingia ndani kelele hazikupi nafasi ya kuwakumbuka watu wale.

Kujengwa kwa uwanja nako kulikuwa na mvutano. Mwaka 1997 wapiga kura walikataa kodi ya kugharimia uwanja, na wengi wakadhani ndoto ya kupata timu imekufa. Kampuni ya bima ya Nationwide ikaamua kuujenga kwa fedha binafsi, ikishirikiana na wamiliki wa gazeti la Dispatch. Kisha mwaka 2012 mamlaka ya umma ya kaunti ikaununua kwa dola milioni 42.5, kwa kutumia mapato ya kodi ya kasino. Maana yake ni kwamba mkazi wa Columbus, awe mzaliwa wa hapa au sisi tuliotoka Mombasa, Mogadishu na Bukavu, ana haki ya kujiona mwenyeji mle ndani. Naona tunauachia wengine bure.

Sasa nije kwenye siri ya kuchagua viti.

Unapofungua ramani ya viti, usitazame bei kwanza wala usikimbilie kioo. Tafuta benchi la timu ya nyumbani. Mabenchi yote mawili yako upande mmoja wa uwanja, yamepangana kwa urefu. Katika ligi wanayocheza Blue Jackets, timu huanza mchezo zikilinda goli lililo karibu na benchi lao. Vipindi ni vitatu, vya dakika 20 kila kimoja, na timu hubadilishana pande kila kipindi. Piga hesabu: wenyeji watashambulia goli lililo mbali na benchi lao mara mbili, kipindi cha kwanza na cha tatu. Basi keti nyuma ya goli hilo, jukwaa la juu, safu za mwanzo. Magoli ya wenyeji ya vipindi hivyo viwili utayaona yakiingia mbele yako, na kwa kuwa uko juu, unauona uwanja mzima, mita 61 kwa 26.

Lakini utamu hasa uko kipindi cha pili, na hili halikuandikwa kwenye tangazo lolote nililowahi kusoma. Wachezaji wa hoki hubadilishwa mchezo ukiendelea, kila baada ya dakika moja hivi au pungufu, kwa sababu kazi ile inamaliza pumzi. Kipindi cha pili kila timu inalinda goli lililo mbali na benchi lake. Beki aliyechoka hana njia ya mkato ya kutoka.

Nilimrudisha mjomba kabla hajaondoka, safari hii kwa tiketi za juu, nyuma ya goli nililolichagua mwenyewe, na kwa fedha pungufu kabisa. Kipindi cha pili tukamwona beki mmoja wa Blue Jackets amenaswa chini yetu. Mikono imeanguka, gongo ameliegemeza kwenye magoti, mdomo wazi, huku wageni wakipasiana kisahani kumzunguka. Alipopata nafasi alikipiga kisahani mpaka upande wa pili, akageuka kuelekea benchi kwa mwendo wa mtu anayepanda ngazi. Mjomba akanishika mkono: “Huyo wa watu wamwache akapumzike!” Hapo nikajua ameanza kuuona mchezo.

Jambo la pili tulilolifanya ni kuacha kukifukuza kisahani kwa macho. Kina upana wa sentimita saba na nusu na huruka kwa kasi isiyofuatika. Tazama vichwa vya wachezaji na magongo yao. Popote wanapokielekea, kitakuwapo. Kipindi cha tatu mjomba alisimama kabla ya goli, si baada yake, kwa sababu alimwona mshambuliaji wa pembeni ameachwa peke yake na gongo tayari limeinuliwa. Kisha mzinga ukalia.

Mlio huo ni wa kweli, si sauti ya spika. Jina Blue Jackets ni la kuwaenzi watu wa Ohio waliopigana upande wa Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na tangu mwaka 2007 nakala ya mzinga wa zama zile hufyatuliwa kila wenyeji wanapofunga. Ukienda na mtoto mdogo, mwonye na umzibe masikio.

Kutoka nyuma ya goli utatazama kupitia wavu mwembamba. Usilalamike, baada ya dakika chache macho huusahau. Machi 2002, kwenye uwanja huuhuu, kisahani kiliruka juu ya kioo kikampiga msichana wa miaka 13 aliyekuwa jukwaani, akafariki siku mbili baadaye. Msimu uliofuata ligi iliamuru nyavu ziwekwe nyuma ya magoli katika viwanja vyote vyake. Wavu ule una jina la mtoto wa watu nyuma yake.

Mengine ni ya haraka. Vaa sweta. Chaji simu, maana tiketi iko humo. Mkoba mkubwa uache nyumbani. Kula kabla ya kuingia, North Market, soko lililoanza mwaka 1876, umbali wa kutembea kwa miguu. Mle nimewahi kula wali na nyama ya Kisomali ulioniridhisha kuliko chakula chochote cha uwanjani. Chagua mechi ya katikati ya juma, bei hulegea.

Na tiketi inunue kwa klabu yenyewe kwanza. Ukilazimika kwenda kwa wauzaji wa mkono wa pili, fika mpaka ukurasa wa mwisho uone bei kamili ndipo uamue, na neno “kioo” lisikupumbaze. Viti vya kwenye kioo ni vya mtu anayeujua mchezo tayari na anataka kusikia mabega yakigonga ubao. Mgeni wa mara ya kwanza mpeleke juu, nyuma ya goli lililo mbali na benchi la wenyeji.