Mpunga, Mchele, Wali

Kiswahili kina maneno matatu pale ambapo Wafaransa wana moja tu. Shambani ni mpunga, dukani ni mchele, mezani ni wali. Sisi Wanyarwanda tulichukua lile la katikati tukasema umuceri, na labda ndiyo sababu watu wa Kigali husahau kwamba mkulima huuza mpunga.

Natufanye hesabu. Mpunga uliokatwa sasa hivi huweza kuwa na maji 22 kwa mia, na kinu hutaka 14. Kilo 100 zikianikwa hubaki kilo 91 hivi (mwenye shaka ashike penseli: kitu kikavu ni kilo 78, nacho hakipungui). Zikikobolewa, mchele ni kilo 60 hivi. Zilizobaki ni maganda na pumba. Pumba ni chakula kizuri cha nguruwe na kuku, lakini mkulima akiisha kuuza mpunga wake, pumba humfaa mwenye kinu.

Kazi ngumu ni kuanika. Mpunga mbichi ukirundikwa hupata joto na kuota ukungu. Ukianikwa upesi mno juani, punje hupata nyufa, na kinuni hutoka chenga, ambazo bei yake ni ya chini. Yafaa utandazwe mwembamba juu ya turubai na kugeuzwa mara kwa mara. Kwa maoni yangu, kiwanja cha saruji cha kuanikia kitangulie mbegu mpya, maana mbegu huzidisha mpunga, nao mpunga mwingi usio na mahali pa kuanikwa huoza.

Hata uliokauka huweza kukosa mnunuzi. Mwaka 2024 wakulima wa Bugarama, wilaya ya Rusizi, walivuna vyema, kisha tani zaidi ya 5,000 zikakaa bila kununuliwa. Mwezi wa Agosti Rais Kagame alilisema jambo hilo hadharani, ndipo serikali ikashughulikia ununuzi wake.

Wapishi wengi wa mjini hupenda mchele wa Tanzania, wenye punje ndefu na harufu nzuri, kuliko kigori chetu cha punje fupi. Mkulima naye hulima katika bonde la serikali, chini ya chama cha ushirika, wala hawezi kubadili zao apendavyo. Lakini shule hununua kwa magunia, na wali wa punje fupi, ukipikwa kwa maji machache, hukaa vyema na maharagwe.